Mjomba Aliyeona Goli Kabla Yetu

Mjomba wangu haoni. Presha ya macho ilianza na jicho la kushoto, ikanogewa, ikahamia la kulia, na mpaka sisi wasomi wa familia tulipomaliza kujadiliana ni hospitali ipi inafaa, mzee alikuwa hatofautishi tena mlango na dirisha. Nasema hili mapema ili msomaji asidhani ninamletea habari ya kusikitisha. Wa kusikitikiwa hapa ni mimi, mwenye macho mawili mazima, miwani juu yake, na shahada mbili kabatini, ambaye katika mambo yote nitakayosimulia nilikuwa wa mwisho kuona.

Kwetu Waluguru mjomba si ndugu wa kuja na pipi siku ya Idi. Mtoto ni wa ukoo wa mama, na kaka wa mama ndiye mwenye kauli. Ni yeye aliyeamua niende shule badala ya kubaki mlimani na maharage, ni yeye aliyesema sasa inatosha, oa, na kama kesho akiamua niache kuandika makala zinazosomwa na watu kumi na wawili, nitaacha, na huenda wale kumi na wawili wakamshukuru. Kwa hiyo akiniita, naenda. Natoka kwangu Kilakala, hapa Morogoro, nashuka hadi kwake Mwembesongo, nampa shikamoo, ananiitikia marahaba, halafu ananieleza nimekosea wapi wiki hii.

Mpira aliujua kwa masikio kabla hajaujua kwa macho. Kijijini kwao, juu huko Ulugurani, palikuwa na redio moja tu, nayo haikushika mawimbi mpaka mtu aisimamishe juu ya jiwe lililokuwa katikati ya shamba la mtu mwingine. Wanaume walikuwa wakichuchumaa kuzunguka jiwe hilo kwenye ukungu, wamejifunika mablanketi, wakisikiliza timu za Dar es Salaam zikikimbizana. Alipokuja mjini akiwa kijana na kupelekwa uwanjani kwa mara ya kwanza, alirudi amenuna.

"Kumbe wanatembea," aliniambia miaka mingi baadaye, bado na uchungu. "Redioni hakuna mtu anayetembea."

Basi macho yalipokwisha, tukaenda kumpa pole kwa kila kitu, pamoja na mpira. Akatushangaa. Alisema kwa upande wa mpira hakuna kilichoharibika, alikuwa akiangalia kwa adabu tu.

Alichokuwa hawezi kukikosa ni kibanda umiza. Hapo jirani na kwake pana banda la mabati lenye mabenchi, televisheni moja kubwa ukutani, na dishi juu ya paa. Unatoa kiingilio, unakaa, unaumia kwa joto na kwa matokeo. Mjomba alikuwa na nafasi yake kwenye benchi la pili, kati ya fundi pikipiki mmoja mwenye mdomo na nguzo. Alikaa hapo akiwa anaona, akakaa hapo akiwa anaona nusu, na hakuona sababu ya kuhama eti kwa kuwa nusu iliyobaki nayo imeondoka. Tofauti ilikuwa moja tu: sasa alikuja na redio ndogo ya betri, ameibana sikioni.

Redio ilikuwa lazima. Mtangazaji wa televisheni ni mtu mvivu. Kwa kuwa picha ipo, yeye anapiga kelele, "Lo! Hebu itazame hiyo!" Mjomba aitazame nini? Mtangazaji wa redio hana pa kujificha. Lazima akuambie mpira uko kwa nani, anaelekea wapi, anafuatwa na nani, na jezi amechomekea au inaning'inia. Huyo ndiye aliyekuwa mtu wa mjomba.

Sasa kuna jambo ambalo kila muuza nyanya wa Mwembesongo analijua na ambalo mimi na shahada zangu nililigundua ukubwani. Picha ya televisheni haiji moja kwa moja. Inapanda angani, inazunguka, inashuka kwenye dishi, inaingia kwenye king'amuzi, na kila kituo inapumzika kidogo kama lori la mzigo la Gairo. Redio inakata njia ya mkato. Mpaka picha ifike, redio imeshafika, imekunywa maji na kukaa. Sekunde nne, siku nyingine tano.

Sekunde nne si kitu, utasema. Hata mimi nilisema hivyo.

Siku ya kwanza, beki wetu alikuwa ameshika kiuno akisubiri mpira urushwe, na mjomba akasimama, akainua mkono na fimbo. "Gooooli!" Watu wakamhurumia, wakadhani joto. Mpira ukarushwa, ukapigwa kichwa, ukaingia. Banda zima likageuka kumtazama yeye badala ya mfungaji. Goli la pili, vilevile. Mechi iliyofuata, penalti: mpigaji yuko bado anavuta pumzi, mjomba anasonya na kusema, "Amepaisha huyo."

Akapaisha.

"Mzee," fundi pikipiki akasema, "unatunyonya utamu."

"Utamu gani? Si amekosa?"

"Hata uchungu, mzee. Tumelipia uchungu wetu, tuachie tuunywe wenyewe."

"Basi ninyi angalieni haraka."

Mwenye kibanda aliliacha jambo hilo mechi tatu, halafu akamngojea mlangoni. Alikuwa kijana wa heshima, aliyeanza na shikamoo kabla ya kumfukuza. Alisema wateja wanalalamika, wengine wameanza kwenda kibanda cha ng'ambo ya pili ambako hakuna nabii. Redio ibaki nyumbani au mzee abaki nayo.

Mzee akabaki nayo. Hapo nikadhani jambo limekwisha: ana redio, ana kiti cha uvivu, ana chai ya tangawizi. Baada ya wiki mbili mkewe akanipigia simu. "Njoo umwone mjomba wako. Jana timu yake imecheza na hata redio hakufungua. Amelala saa kumi jioni kama mgonjwa."

Nilimkuta kitandani, amegeukia ukutani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umetumwa."

"Nimesikia husikilizi mpira."

"Goli la peke yako ni taarifa ya habari," alisema. "Unasikia, unasema ahaa, unaendelea kukuna mguu." Halafu akasema, bila kugeuka, kwamba yeye haombi mengi. Macho hayaombi, anajua hayarudi. Anataka lile benchi. Akilikosa hilo, basi, sisi tumhesabu kuwa ni mtu wa ndani, wa kupelekewa chakula na habari.

Mjomba wangu, kwa miaka yote niliyomjua, hakuwahi kuniomba kitu. Aliamuru. Nikatoka pale nimetikisika, na mimi nikitikisika huwa nafanya jambo baya kuliko yote: nafikiri.

Nikafikiri hivi. Kama tatizo ni mjomba kuwahi, dawa ni kumchelewesha kidogo. Nikachukua simu ya tachi, nikaweka bando, nikatafuta kituo kilekile cha redio kwenye mtandao, nikamchomekea spika za masikioni, nikampeleka kwa mwenye kibanda nikiwa na hotuba. Nilieleza habari ya mawimbi. Nilichora kwenye vumbi. Mwenye kibanda alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Profesa, mimi nataka tu asipige kelele." Akamruhusu.

Mjomba akarudi benchi la pili. Akashika nguzo kwa mkono kama mtu anayemsalimia rafiki. Sijawahi kumwona amekaa wima namna ile.

Kumbe redio ya mtandaoni haichelewi kidogo. Inachelewa kama ofisi ya ardhi. Timu yetu ilifunga dakika za mwanzo. Banda likalipuka, mabenchi yakaanguka, fundi akanikumbatia mimi ambaye hanipendi. Mjomba alikaa katikati ya vurugu hiyo, uso umekunjamana, kidole kimebana spika sikioni, anatafuta goli na halipo. Huko kwake mpira ulikuwa bado kwa kipa. Watu wakashangilia, wakachoka, wakaketi, wakaanza kubishana habari nyingine. Ndipo mjomba akaruka peke yake.

"Gooooli!"

Fundi akauliza kwa sauti ya upole mno, "Mzee, hilo ni la pili?"

Walicheka hadi mtu mmoja akatoka nje. Mjomba akaketi taratibu, akachomoa zile spika, akazikunja vizuri, akanikabidhi. Alimaliza mechi hivyo, mikono mapajani, akitabasamu kila wengine walipocheka. Nilimshika kiwiko mpaka mlangoni kwake.

"Mpwa wangu, nilikusomesha?"

"Ulinisomesha, mjomba."

"Hii redio yako inatangaza marehemu." Akaingia ndani.

Siku mbili baadaye akanituma nimwongoze hadi kwa mwenye kibanda, na akaniagiza nisifungue mdomo. Mazungumzo yao yalichukua muda mfupi kuliko utangulizi wa hotuba yangu.

"Kijana, katika banda lako hakuna kiti ambacho hakitakiwi na mtu?"

Mwenye kibanda akafikiri. "Kile cha chini ya televisheni. Ukikaa pale huoni kioo."

"Mimi nitaonea wapi? Nipe hicho."

Wakapatana. Redio yake ya betri ataileta, lakini kwa waya, sikio moja. Hatasema neno. Hatasimama. Fimbo ataiweka sakafuni, na mikono mapajani, ili mtu asidai kapewa ishara. Mwenye kibanda alikuwa makini kama anayetunga katiba: akakataza kukohoa wakati wa penalti. Mjomba akakubali yote. Nami nilisimama pale na elimu yangu, nikiona kila kifungu kimekaa sawa.

Hakuna kati yetu watatu aliyefikiria uso.

Kiti kile kiliegemea ukuta, televisheni juu yake, na aliyekikalia aliwatazama watu wote. Jumamosi ile mjomba akakaa, mikono mapajani, mdomo umefungwa, na juu ya kichwa chake mechi ikaanza. Dakika ya ishirini hivi nyusi zake zikapanda. Nyusi tu. Sekunde nne baadaye shuti likagonga mwamba.

Fundi pikipiki akanigusa kwa kiwiko. Akaelekeza kidevu chini ya televisheni.

Mpaka mapumziko benchi la mbele lote lilikuwa limeelewa. Mpaka Jumamosi ya pili, banda zima. Watu waliokuja kuangalia mpira walikuwa hawaangalii mpira. Walikuwa wametulia tuli, macho yameshuka hatua mbili chini ya kioo, wakisoma mashavu ya kipofu. Shavu likicheza, kona. Midomo ikibanwa, faulo mbaya. Kichwa kikiinama kidogo, jamani, tumefungwa. Ndipo macho yote yakapanda kwa pamoja kwenda kuhakikisha kwenye televisheni, kama watu wanaosoma tangazo la msiba waliloshasimuliwa. Na waliolalamika kuwa mzee anawanyonya utamu walikuwa walewale, wamekaa mbele zaidi. Fundi alikuja mapema kuwahi nafasi.

Mwenye kibanda akanivuta pembeni. "Profesa, nimenunua kioo kikubwa namna hii watu waje kumtazama mjomba wako?"

"Umeongeza wateja?"

"Nimeongeza." Akakuna kichwa. "Lakini inaniuma."

Mjomba mwenyewe alikuwa na furaha tele. Njiani kurudi alinisifia vijana. "Wamebadilika. Wametulia. Zamani palikuwa na makelele mpaka mtangazaji simsikii. Sasa wananiheshimu." Alirudia hilo neno, wananiheshimu, wiki ya kwanza, ya pili na ya tatu. Wiki ya tatu ndipo nikapatwa na ule ugonjwa wa watu waliosoma, wa kudhani ukweli ni zawadi.

"Mjomba, wanakutazama."

"Nani?"

"Wote. Wanaangalia uso wako. Ukisikia goli, wanaliona kwako kwanza. Ndiyo maana wametulia."

Alisimama. Tulikuwa karibu na kisima cha jirani, na mtu mmoja akapita na ndoo akatusalimia, na mjomba hakuitikia, yeye ambaye anaitikia hata mbuzi.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na wewe?"

Ningeweza kusema mimi nilikuwa naangalia mpira. Asingejua.

"Na mimi, mjomba."

Jumamosi iliyofuata hakwenda. Mkewe aliniambia kwa simu kwamba amelala saa kumi tena, na kwamba kama nina jambo jingine la kweli nibaki nalo Kilakala. Nilikwenda kibandani peke yangu, sijui kwa nini, labda kujiadhibu. Kiti cha chini ya televisheni kilikuwa kitupu. Watu walipiga kelele zile za zamani, na bado kila mpira ulipokaribia goli niliona macho yakishuka, yakigonga ukuta, yakipanda tena. Fundi aliniuliza, "Mzee anaumwa?" Nikasema anapumzika. "Mwambie aje," akasema, halafu kama aliyeona amesema kwa unyenyekevu kupita kiasi, akaongeza, "mechi zenyewe zimepoa bana."

Nilimfikishia ujumbe kupitia mkewe.

Wiki iliyofuata zilikutana zile timu mbili ambazo nchi nzima imejigawa kwazo, na ambazo sizitaji kwa sababu bado nataka kuishi Morogoro kwa amani. Saa tisa mchana simu ikalia. "Njoo na mkasi," mjomba akasema.

Nilimkuta amekaa uani, amevaa kanzu ya Idi na kofia iliyodariziwa kwa mkono, taulo shingoni. Ndevu zake zilikuwa zimejiotea tu. Akaniamuru nizipunguze na nyusi nizichane.

"Kama wananitazama," alisema, "wasije wakatazama takataka."

Tulipoingia, fundi akaanzisha makofi. Mjomba akapita katikati kama bwana harusi, akaketi kitini pake, akachomeka waya sikioni. Safari hii nafasi hakuna, nikakaa sakafuni miguuni pake, na yeye akaweka mkono mmoja begani mwangu. Mwenye kibanda aliona kifungu cha mikono kimevunjwa, akaamua kutokuona.

Dakika ya kumi nyusi zikapanda, juu kabisa, hazijawahi kupanda hivyo. Mdomo ukaachama. Watu sitini wakasimama kwa pamoja, wengine wameshakumbatiana. Tukasubiri. Kwenye kioo kipa wao aliudaka mpira dhaifu, akaudundisha, akatema mate.

Mjomba akafunga mdomo, akanyoosha kanzu.

"Mzee!" fundi akapiga kelele. "Mzee, hiyo ni dhambi!"

"Nimefanya nini? Nimekaa tu."

Banda lilicheka kwa namna nyingine kabisa na ile ya siku ya redio ya mtandaoni, na yeye safari hii alicheka nao, mabega yakitikisika. Tangu hapo ikawa vita. Aliwadanganya mara mbili tena, mara ya tatu akawapa goli la kweli kwa uso wa mtu anayesikiliza bei ya mahindi, hakuna aliyeamini, likaingia watu wamekaa. Wakamzomea. Akaguswa bega na watu ambao sidhani anawajua. Upande wa pili nao ukafunga moja, mashabiki wao wakamwimbia.

Ikafika dakika za mwisho, matokeo goli moja kwa moja. Sare ilitutosha. Kwenye kioo beki wetu alikuwa na mpira mguuni, peke yake, hakuna hatari, na wale wa upande wetu walikuwa wameshaanza kuimba, wamesimama juu ya mabenchi, fundi akitangulia kwa sauti yake mbaya. Macho yao yalishuka kwa mjomba, kwa mazoea, kuhakikisha.

Vidole vyake vikaingia begani mwangu. Viliingia hasa, mimi si kijana na kesho yake palikuwa na alama. Nikainua kichwa. Uso wake ulikuwa palepale alipouacha, umetulia, na tabasamu dogo la mtu anayesikia wimbo. Nyusi nilizomchania hazikwenda juu wala chini. Watu waliona hivyo, wakaridhika, wakazidi kuimba.

Niliwatazama wale watu wakiimba. Nilikuwa najua, kwa sababu ya bega langu, na wao hawakujua. Fundi alikuwa amefumba macho, mikono juu.

Halafu beki akaurudisha mpira kwa kipa, akaurudisha mfupi, mshambuliaji wao akauwahi.

Sitaeleza kelele za upande wa pili. Upande wetu walishuka kwenye mabenchi mmoja mmoja. Baada ya filimbi ya mwisho watu wakaanza kutoka, wakikanyaga maganda ya karanga. Fundi pikipiki alibaki. Alikuja akasimama mbele ya kiti cha mjomba, akamtazama usoni kwa muda mrefu, naye mjomba akiwa anakunja waya wake.

"Mzee," akasema. "Ulijua."

"Nijue nini?" Mjomba alinyoosha mkono kutafuta fimbo, na fundi akainama akampa. "Mimi sioni."